Anairudisha nyuma ili Mufasa ainuke

Swali: Shikamoo dada. Naandika kutoka Nkuhungu, hapa Dodoma. Nina miaka 33, na mwanangu ana miaka 6, yuko darasa la kwanza. Baba yangu mzazi, aliyekuwa mwalimu kule Mpwapwa, alifariki mwezi wa 3. Alikuwa anapendana mno na huyu mjukuu wake. Siku za msiba tulimwacha mtoto kwa jirani, tukamwambia babu amesafiri. Tangu hapo ameng'ang'ania filamu moja tu, The Lion King, ile ya zamani ya kuchorwa, iliyopo kwenye kishikwambi. Akifika pale baba simba, mfalme Mufasa, anapoanguka korongoni, anaivuta nyuma kwa kidole mpaka simba apande tena juu, anaiachia, simba anaanguka, anaivuta tena. Haifiki mwisho. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, anasema katuni hizi zinamharibu mtoto, niifute. Mume wangu anasema ni utoto, utaisha. Na mimi, naona aibu kusema, nikiusikia tu ule muziki nikiwa jikoni machozi yananitoka. Filamu hii niliiona mara ya kwanza mwaka 1999, baba alipotuletea kanda kutoka mjini. Kwa nini katuni za watoto zinatukaa moyoni hivi? Na je, niifute?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na poleni sana kwa kuondokewa na mzee. Nianze na ulilomalizia: usiifute. Kukueleza kwa nini kutanichukua muda kidogo, maana barua yako ina maswali mawili, la mtoto na la kwako, na naona jibu lake ni moja.

Nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama palepale, kwenye kile kidole cha mtoto. Nina miaka 18 katika kazi hii ya kukaa na watoto na kuwafundisha walimu wa chekechea. Watoto wanaorudia filamu moja mpaka nyumba nzima ikachoka nimewaona wengi. Kwa kawaida mtoto hurudia panapomfurahisha: wimbo, mtu kuteleza, mnyama kupiga chafya. Wa kwako anarudia panapomuuma. Na ukimtazama vizuri utaona kwamba kinachomvuta ni kule kuinuka. Anaiachia filamu iende mbele kwa sababu hana namna nyingine ya kumwona simba akipanda tena juu.

Mtoto wa miaka 6 yuko katikati ya daraja. Wa miaka 3 au 4 hukiona kifo kama kuondoka tu, na aliyeondoka atarudi. Kati ya miaka 5 na 7 ndipo watoto wengi huanza kushika mambo matatu: aliyekufa harudi, mwili wake hausikii tena njaa wala baridi, na kila aliye hai siku moja atakufa. Hayaingii yote kwa siku moja. Leo anakuambia babu amekufa, kesho anauliza atakuja na nini Krismasi. Hajasahau, na wala si kaidi. Analijaribu lile neno, kama mtu anayeonja maji ya kuoga kwa kidole kabla hajajimwagia.

Sasa tazama mlichompa ashike. Mmemwambia babu amesafiri. Na babu wa Mpwapwa kweli alikuwa msafiri! Alikuwa anapanda basi, anashuka Dodoma, mtoto anamwona anaingia getini na mfuko wake. Katika akili ya mtoto huyu safari ni kitu chenye kurudi. Miezi imepita, babu hajarudi. Watu wazima wananyamaza yeye akiingia sebuleni. Mama analia jikoni na hasemi sababu. Hana wa kumuuliza, ila ana kishikwambi, na ndani yake kuna mzazi mkubwa mwenye sauti nzito anayeanguka, na kidole chake yeye mwenyewe kina uwezo wa kumpandisha. Hapo mimi sioni mtoto aliyeharibiwa na katuni. Naona mtoto aliyenyimwa jibu na akaamua kulitafuta mwenyewe mahali pekee alipopaweza.

Hata hivyo, mama mkwe wako hajakosea kuona kwamba filamu hizi zina mambo mazito. Mwaka 2014 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliochukua filamu 45 za katuni za watoto zilizotazamwa sana, kuanzia Snow White ya 1937 hadi Frozen ya 2013, na kuzilinganisha na filamu za watu wazima za miaka hiyohiyo. Wahusika muhimu wa katuni walikuwa katika hatari ya kufa mara 2.5 zaidi. Theluthi 2 ya katuni zilionyesha kifo cha mhusika muhimu, wakati kwa filamu za watu wazima ilikuwa nusu. Mama yake Bambi alipigwa risasi na wawindaji mwaka 1942, na vizazi vyote vilivyofuata vimemlilia. Katika Finding Nemo ya 2003 mama samaki na mayai yake wanaliwa kabla filamu haijaanza hasa, linabaki yai moja.

Ukifikiri sana utaona hadithi zetu nazo ndivyo zilivyo. Bibi yangu wa Kongwa alikuwa akitupigia hadithi jioni, uwele ukiwa umeshatwangwa, na sikumbuki hata moja ambayo mama alikuwa mzima na baba yuko nyumbani. Yatima, mama wa kambo, mtoto aliyeachwa porini. Maadamu mama yupo na chungu kiko jikoni, mtoto wa hadithini hana sababu ya kutoka mlangoni. Msimuliaji anamwondoa mzazi ili mtoto aende. Lakini bibi alikuwa na kitu ambacho kishikwambi hakina. Ukiogopa, ulikuwa unamshika goti. Ukiuliza, "Bibi, sasa yule mama alienda wapi?", anakujibu. Kwenye kioo, ukiuliza, picha zinaendelea tu.

Niseme sasa juu ya filamu yenyewe, maana nayo ina sababu yake ya kumkaa mtoto wa Kiswahili kuliko mtoto mwingine yeyote.

Ilitoka mwaka 1994. Mwaka huohuo ndio televisheni za kwanza za Tanzania Bara zilianza kurusha matangazo. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo wengi wetu hatukuiona hewani, tuliiona kwa kanda, tena miaka miwili, mitatu, mitano baadaye, kama mlivyoiona ninyi. Na tulipoiona tulikuta majina ni ya kwetu. Mtoto wa Chicago akisikia "Simba", jina la yule mtoto wa Mufasa, anasikia jina la mtu. Mwanao anasikia simba, yule wa mbugani na wa hadithi za bibi. Akisikia "Rafiki" anajua kabla ya kuambiwa kwamba yule mzee nyani ni wa kuaminika. Akisikia yule fisi anaitwa "Shenzi" anashtuka, kwa sababu hilo ni neno ambalo angelisema mbele ya bibi yake angechapwa. Wimbo wa kufungulia unaanza kwa Kizulu na maneno yake hatuyajui, lakini baba anayetajwa mle tunamsikia, maana baba ni baba na huku pia.

Kuna jambo moja zaidi, na hili naomba ulitulie. Scar ni nani kwake Simba? Waliotengeneza filamu walimwona kama ndugu wa mfalme mwenye wivu. Kwa lugha yetu ni baba mdogo. Katika nyumba zetu baba akifa, baba mdogo ndiye anayetazamwa. Ndiye atakayesimama shuleni, ndiye atakayetoa posa, ndiye baba. Filamu hii inamtoa baba mkubwa wa umbo na kumwacha mtoto mikononi mwa baba mdogo, na baba mdogo anamgeuka. Mtoto wa kwetu hahitaji kuelezwa ukubwa wa tendo hilo.

Na anamgeuka kwa namna gani? Kumbuka mpangilio wake. Scar anampeleka mtoto korongoni, anamwambia asubiri hapo na ajizoeze kunguruma. Mtoto anamwona kinyonga, anamngurumia, na ardhi inaanza kutetemeka. Nyumbu wanamiminika. Baba anakuja kumwokoa, na baba anakufa. Vumbi likitulia, mtoto anamsukuma baba, anamvuta sikio, anaita watu na hapana mtu, halafu anajipenyeza chini ya mkono wa baba na kulala pale. Ndipo baba mdogo anatokea ukunguni na kumtwisha mtoto lawama: wewe ndiye uliyesababisha, kimbia, usirudi.

Kinachoniogopesha katika filamu hii ni maneno hayo kuliko kuanguka kwenyewe. Watoto wa umri wa mwanao wana tabia ya kuamini kwamba wanaloliwaza au kulisema linaweza kufanya mambo yatokee. Niliwahi kukaa na binti wa miaka 5 aliyekataa kula kwa siku kadhaa baada ya bibi yake kufariki. Ilichukua vikao vitatu na udongo mwingi wa kufinyanga mpaka akaniambia, bila kuinua macho, kwamba siku bibi alipomnyima soda alisema moyoni, "Bibi mbaya, aende." Na bibi akaenda. Kwa miezi miwili mtoto yule alikuwa anatembea na mauaji kifuani, na nyumba nzima haikujua.

Umesema mwanao anairudisha mara simba akishaanguka. Maana yake anaikata kabla baba mdogo hajafika kusema. Huenda ni bahati tu. Lakini ningekuwa wewe, ningemuuliza, kwa upole, mkiwa mnafanya kitu kingine, mnachambua mchicha au mnatembea kwenda dukani: "Hivi unafikiri babu aliondoka kwa sababu gani?" Halafu unyamaze. Usimsaidie neno. Pengine atakuambia alimkimbiza babu wakati mguu ulikuwa unamuuma, au alivunja miwani yake, au alikataa kuongea naye kwenye simu siku ile. Ukilipata la namna hiyo, utakuwa umepata mwiba wenyewe.

Sasa nije kwako, maana umejiuliza kwa aibu jambo ambalo halina aibu yoyote.

Mimi niliiona mwaka 1996, nikiwa na miaka 13, katika banda la video mtaa wa Chang'ombe. Mabenchi ya mbao, televisheni moja juu ya kabati lenye kufuli, na mtafsiri pembeni na maiki yake, anashusha sauti ya filamu na kutuelezea kwa Kiswahili. Siku nyingi walikuwa wanaonyesha ngumi na Wahindi. Jumapili ile wakaweka katuni ya watoto. Mtafsiri yule alikuwa hajui kunyamaza; hata watu wakibusiana alikuwa na la kusema. Mtoto simba alipojipenyeza chini ya mkono wa baba yake, mtafsiri aliweka maiki chini. Banda zima likawa kimya. Dada yangu mkubwa akanifunika nusu ya kanga yake, kanga iliyonukia moshi na karanga za kukaanga.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Mufasa alikufa mvua ikinyesha. Ningeweza kuapa. Nikaja kuitazama tena nikiwa chuoni, na pale hapana hata tone. Ni vumbi tupu. Mvua kubwa ya filamu ile inakuja mwishoni kabisa. Niliwaza siku nzima mvua yangu ilitoka wapi. Ilikuwa Januari, na kumbe mvua ilikuwa juu ya bati la banda.

Huo ndio ufundi wa kumbukumbu, na ndilo jibu la swali lako. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayoshughulika na hofu na hisia kali, amigdala, na imepakana kabisa na hipokampasi, inayotusaidia kuweka kumbukumbu. Hisia ikipanda, ya kwanza humwambia jirani yake: shika hili. Na jirani hachagui. Anashika picha iliyoko kiooni pamoja na bati, mvua, harufu ya kanga, joto la bega uliloliegemea. Ndiyo maana filamu uliyoitazama utotoni haibaki peke yake. Inabaki na watu.

Muziki ndio unaovuta uzi wote huo kwa mkupuo mmoja, hata picha isionekane, kama unavyovutwa wewe ukiwa jikoni. Na muziki huo hasa una historia ambayo nadhani itakugusa. Aliyeutunga, Hans Zimmer, alifiwa na baba yake akiwa na miaka 6, umri wa mwanao. Amesema hadharani kwamba alipofika kwenye kazi hii alijikuta anamwandikia baba yake mwenyewe. Alipata tuzo ya Oscar kwa muziki huo, lakini mimi ninachokisikia ni mtoto wa miaka 6 aliyesubiri kukua ili apate njia ya kusema.

Hata wale nyumbu usidhani ni kazi nyepesi. Mbio zile za dakika 2 na nusu zilichukua zaidi ya miaka 2 kutengenezwa. Filamu ya kuchora inapita picha 24 kwa kila sekunde moja, na kila uso ni mistari michache iliyochaguliwa. Nadhani uchache huo wa mistari una kazi yake. Uso wa mwigizaji ni uso wa mtu fulani, ana jina na ana kwao. Uso wa simba aliyechorwa, macho makubwa na kinywa kidogo, hauna kwao, na mtoto anaujaza kwa sura anayoitaka. Mwanao ameujaza kwa sura ya babu. Wewe pia, nadhani.

Mume wako amesema ni utoto na utaisha. Kurudia kwenyewe ni kweli ni kazi ya utoto, na kazi nzuri. Kuna utafiti wa mwaka 2011 uliofanyika Uingereza kwa watoto wa miaka 3: waliosomewa hadithi ileile tena na tena walijifunza maneno mapya vizuri kuliko waliosomewa hadithi tofauti tofauti zenye maneno hayohayo. Mtoto anarudia mpaka ameelewa. Ila huyu wa kwenu hawezi kuelewa kwa kurudia, kwa sababu jibu analolitafuta liko mbele ya pale anapokatia, na jingine liko kwenu.

Anza na lililo kwenu. Mwambieni ukweli, wewe na baba yake mkiwa pamoja, mchana, si wakati wa kulala. Tumia neno lenyewe. "Babu amekufa. Mwili wake uliugua sana ukaacha kufanya kazi. Hatarudi. Tulikuambia amesafiri kwa sababu tuliogopa utalia, na hatukufanya vizuri." Kisha mwambie yale ambayo imani yenu inasema juu ya waliotangulia, lakini yaje baada ya hilo. Maneno yetu ya adabu, amelala, amepumzika, ametutoka, ni mazuri kwa watu wazima tunaojua yanachokificha. Mtoto aliyeambiwa babu amelala anaweza kuanza kuogopa kitanda. Aliyeambiwa amesafiri ataogopa siku baba akifunga begi kwenda Dar.

Atalia, au hatalia, au atauliza kama anaweza kwenda kucheza. Yote sawa. Usimharakishe na usimtulize haraka. Kuna filamu ya 2015, Inside Out, ambayo watengenezaji wake walishauriana na wanasaikolojia wa hisia, na ina kipande ambacho nimewaonyesha walimu wangu mara nyingi. Bing Bong, rafiki wa kufikirika wa msichana mmoja, amepoteza kigari chake alichokipenda. Furaha na Huzuni humo ni hisia zilizopewa umbo la watu. Furaha anamchekesha, anamtekenya, anamhimiza waende. Hainuki. Huzuni anakuja, anakaa kando yake, anamwambia tu kwamba wamechukua kitu alichokipenda. Bing Bong analia, kisha anafuta machozi na kusimama mwenyewe. Mengi ninayofundisha kwa muhula mzima yamo katika dakika ile. Kaa kando yake.

Mkipata nafasi mpelekeni Mpwapwa, alione kaburi. Ashike udongo, aweke ua au jiwe, aulize maswali yake yote hata yale ya kutisha. Babu anaonaje mle, anapumuaje. Mjibuni wazi kwamba hapumui na haumii.

Baada ya hapo ndipo urudi kwenye filamu. Usimpokonye kishikwambi. Mwambie unataka kuitazama naye yote, kwenye mkeka, mmekaa karibu. Akitaka kuivuta nyuma, mwache mara moja, na umuulize, "Ungependa awe hai tena, eeh?" Kisha mwambie kuna mahali hamjafika. Mpitisheni pale mkiwa mmeshikana. Pitieni yale maneno ya baba mdogo, na uyasemee palepale: "Anadanganya. Mtoto hakukosea kitu." Mbele huko Simba anaokotwa na wageni wawili, anakua, Rafiki anamfuata na kumwonyesha maji, na katika kivuli chake mwenyewe anamwona baba. Anarudi nyumbani. Na mwishoni Scar anakiri kwa mdomo wake nani aliyemuua Mufasa. Mwanao hajawahi kuisikia kauli hiyo tangu mwezi wa 3, kwa sababu haifiki mwisho. Amekuwa akinywa nusu ya kwanza ya dawa, ile chungu, kila siku.

Kwa mama mkwe, usiende kubishana kuhusu katuni. Mwendee kama mwenye kuhitaji msaada, maana kweli unauhitaji. Mwambie mtoto hajaelewa kifo cha babu yake na unamwomba awe anakaa naye, amsimulie wazee wake yeye waliokufa, walikuwa wanapenda kula nini, walikuwa wakali au wapole. Bibi mwenye hadithi ni bora kuliko filamu yoyote niliyoitaja humu, na wazee wengi hukasirikia kishikwambi kwa sababu kimechukua kiti chao. Mrudishie kiti.

Filamu nyingine? Kwa sasa chache. My Neighbor Totoro ya Hayao Miyazaki, ya mwaka 1988, ni ya watoto wawili ambao mama yao yuko hospitalini. Hofu imo, lakini hafi mtu, na kuna nafasi kubwa ya kupumua. Coco ya 2017 ni nzuri sana na inahusu babu na bibi waliotangulia, ila ningeiacha mpaka mwakani: mle ndani wafu wakisahaulika wanapotea kabisa, na mtoto wa miaka 6 mwenye majonzi anaweza kujibebesha kazi ya kumkumbuka babu kila dakika asije akapotea. Up ya 2009 ni yako wewe na mumeo, watoto wakiwa wamelala. Na mwekee Ubongo Kids, inayotengenezwa hapahapa nchini tangu 2014. Haina msiba, lakini mtoto anahitaji pia kusikia watoto wa katuni wakiuliza na kujibiwa kwa Kiswahili, si kubahatisha kwa picha.

Angalia kwa wiki chache. Kama atakosa usingizi, ataanza kukojoa kitandani wakati alishaacha, ataacha kucheza na wenzake, au atasema anataka kumfuata babu, usisubiri. Nenda hospitali umwone mtu wa afya ya akili ya watoto. Hapa Dodoma watu wakisikia jina la Mirembe hushtuka. Ni hospitali ya afya ya akili, na mle kuna watu waliosomea mambo haya.

Bado hujaniuliza jambo moja, na nalisema kwa heshima. Katika barua yako umemtaja baba mara mbili, mahali pawili mbalimbali: juu, mwalimu wa Mpwapwa aliyefariki mwezi wa 3, chini, baba aliyeleta kanda kutoka mjini mwaka 1999. Hukuwaunganisha. Ni mtu mmoja. Ulikuwa na miaka 7 hivi, na naamini mlikaa chini mkaitazama wote, na alikuwa hapo karibu wakati Mufasa anaanguka. Sijui kama alikushika mkono au alikohoa tu kama wanavyokohoa baba zetu. Wewe unajua. Tangu msiba umepika, umepokea wageni, umemficha mtoto, umemsikiliza mama mkwe, na machozi yako umeyaruhusu tu yakitokea kwa kisingizio cha katuni.

Kwa hiyo Jumamosi, kabla hujabonyeza filamu ianze, mwambie mwanao nani aliyeileta filamu hii katika familia yenu. Mwambie babu alishuka na kanda imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, au kwenye gazeti, vyovyote ilivyokuwa, na mlikaa wapi, na alisema nini. Na mkifika mwisho, niandikie.